Mrushaji wako mkongwe anachapwa kila wiki: umtoe, umuweke benchi au uvumilie? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wakuu, kila msimu wa fantasi ya besiboli (unaunda timu ya wachezaji halisi na kushindana kwa namba zao) ukifika mwezi wa tano inbox yangu inajaa swali moja tu limevaa nguo tofauti tofauti, mtu amedrafti jina kubwa, jamaa ana miaka 37, 39, 42, ana mataji na heshima zake, alafu anatoka kila wiki kapigwa rani tano (rani ni bao la besiboli) ndani ya iningi nne (mechi ina iningi tisa, kila moja timu zote zinapata zamu ya kupiga). Nimeamua niyajibu yote hapa sehemu moja. Mfano wangu mkuu utakuwa Justin Verlander msimu wa 2025 akiwa na San Francisco Giants, maana sijaona msimu unaofundisha hili jambo vizuri kama ule.

Mimi natokea fantasi ya mpira wa miguu, nielezee kwanza hawa warushaji wanafanyaje kazi.

Timu ya MLB, ligi kuu ya besiboli Marekani, inacheza mechi 162 na kawaida ina warushaji watano wanaoanza mechi kwa zamu, kwahiyo huyo wako anarusha kila baada ya siku tano au sita, kwa msimu mzima akiwa mzima wa afya ni kama mechi 30 hadi 33 tu. Ndo maana kila mechi yake ina uzito. ERA ni wastani wa rani anazoruhusu kwa kila iningi 9, bila kuhesabu zile zinazotokana na makosa ya walinzi, WHIP ni hiti (mpigaji kaugonga mpira akafika besi salama) na woki anazotoa kwa kila iningi, straikauti ni pale mpigaji anapotolewa kwa straiki tatu, na woki ni pale anapopewa besi ya bure kwa sababu mrushaji kakosa shabaha mara nne. ERA na WHIP zikiwa chini ndo unashinda. Hapa hakuna kapteni wala pointi dabo, ila benchi ipo na benchi ndo silaha yako.

ERA yake ni 5 kasoro kidogo, hajashinda hata mechi moja, nimdrop leo?

Hapa ndo namleta Verlander. Januari 2025 alisaini Giants mwaka mmoja kwa dola milioni 15, Februari akatimiza miaka 42. Mwaka wa nyuma yake akiwa Houston alikuwa na ERA 5.48 katika mechi 17, yaani watu walishaanza kumzika. Akaanza 2025, mechi 16 za kwanza hana ushindi hata mmoja, kapoteza 8, ERA inagusa 5. Katikati ya hapo akaumia msuli wa kifua akakaa nje karibu mwezi. Kwenye ligi nyingi alikuwa anaelea tu weiva, orodha ya wachezaji wasio na timu kwenye ligi, hamna anayemtaka.

Tarehe 23 Julai pale Atlanta akarusha iningi tano bila kuruhusu rani, akapata ushindi wake wa kwanza. Kuanzia hapo akawa mtu mwingine, mwezi wa nane akafikisha straikauti 3,500 za maisha yake, akiwa mtu wa kumi tu kwenye historia kufika huko, na msimu ukaisha ana ERA 3.85 kwenye iningi 152. Hebu fikiria, ERA kushuka toka karibu 5 mpaka 3.85 wakati nusu ya msimu ishapita maana yake nusu ya pili alirusha vizuri sana.

Sasa usinisome vibaya, sisemi kila mzee atarudi. Ninachosema ni kwamba ERA haikukuambia chochote kuhusu Julai. Mkono wake ndo ulikuwa unaongea na watu hawakuusikiliza. Swali lako la kwanza lisiwe "ERA ngapi", liwe "mkono bado upo?"

Sawa, nitajuaje kama mkono bado upo?

Fungua Baseball Savant, tovuti ya takwimu za MLB, ni bure, tafuta jina lake. Cha kwanza kabisa ni kasi ya fastiboli, ule mpira wake wa kasi. Ukilinganisha, linganisha Aprili na Aprili, maana mwanzo wa msimu kuna baridi na wazee wanachelewa kupata moto, ukilinganisha Aprili ya mwaka huu na Agosti ya mwaka jana utajitisha bure. Kushuka nusu maili sio msiba. Kushuka maili mbili na inaendelea kushuka mechi hadi mechi, hapo kaa macho, mara nyingi kuna jeraha ambalo halijatangazwa.

Cha pili ni wapigaji wanakosa mpira mara ngapi wakiswing. Mzee ambaye kasi imepungua kidogo ila watu bado wanaswing hewa kwenye slaida yake (mpira unaopinda pembeni), huyo ana maisha. Mzee ambaye kila mpira unaguswa, hata kama unaenda nje ya mistari (faulo), atachoka iningi ya nne ana mipira 90 mkononi na kocha anamtoa.

Cha tatu ni asilimia ya straikauti toa asilimia ya woki. Hii namba moja naiamini kuliko ERA kwa mbali sana, hasa kwenye mechi chache. Ikiwa 15 au zaidi mimi siguswi na kelele. Ikishuka chini ya 10 naanza kutafuta mbadala, na ikiwa chini ya 8 simsubiri mtu hata awe na jina gani.

Na cha nne hakipo kwenye namba, inabidi uangalie mechi yenyewe hata iningi mbili tu. Usiangalie mpira, angalia glavu ya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Kabla ya mpira kurushwa mdakaji anaweka glavu pale anapoutaka, tuseme chini kona ya nje. Mkongwe mwenye shabaha, ile glavu haihami, inafunga tu. Mkongwe aliyepotea utaona glavu imewekwa chini nje alafu inaruka juu katikati, mdakaji anavuka mwili mzima kuufata mpira, tena na tena. Hiyo ikitokea mipira minne mitano kwa iningi ujue hata kama leo hajapigwa kesho atapigwa. Nimewahi kuona mechi jamaa katoka na iningi sita rani moja na glavu ilikuwa inarukaruka usiku kucha, nikamuweka benchi wiki iliyofata watu wakanishangaa, akala rani sita.

Kila mtu anasema "ana bahati mbaya tu". Bahati inapimwaje?

Kuna vitu viwili. BABIP ni wastani wa mipira iliyopigwa ndani ya uwanja, bila homurani (mpira unaopigwa mpaka nje ya uwanja), ambayo inageuka kuwa hiti. Kwa ligi nzima inazunguka .290 hadi .300. Mrushaji wako akiwa na .360 baada ya mechi nane, mara nyingi mipira inapita pembeni ya walinzi tu na itatulia. Lakini kwa wazee nina angalizo, kama BABIP iko juu NA wapigaji wanampiga kwa nguvu kila mpira, hiyo sio bahati mbaya, hiyo ni kupigwa.

Kingine ni FIP, inaangalia vitu ambavyo walinzi hawahusiki, homurani, woki na straikauti. Hesabu yake iliyorahisishwa ni hii: homurani mara 13, jumlisha woki mara 3, toa straikauti mara 2, gawanya kwa iningi, jumlisha kama 3.1. Tuseme mzee wako ana iningi 60, homurani 7, woki 18, straikauti 55. Inakuja 91 + 54 − 110 = 35, gawanya kwa 60 unapata kama 0.58, FIP yake ni 3.68 hivi. Kama ERA yake ni 5.20, tofauti hiyo ni sababu nzuri ya kuvumilia. Kama FIP nayo ni 5, basi ERA inasema kweli. Fanya hii hesabu kwenye simu yako kabla hujanitumia meseji, serious kabisa, dakika mbili tu.

Mbona straikauti anazo nyingi ila ERA bado mbovu?

Homurani. Mfano mzuri ni Lance Lynn 2023. Mwezi wa sita akiwa na White Sox aliwatoa Seattle watu 16 kwa straikauti ndani ya iningi saba, na timu yake ikapoteza. Msimu mzima alipata straikauti 191, wapigaji wakampiga homurani 44, ERA 5.73. Kwenye pleiofu akiwa na Dodgers kule Arizona alipigwa homurani nne ndani ya iningi moja.

Watu walikuwa wanamshika kwa sababu ya zile straikauti, na kwenye ligi ya pointi kidogo unaelewa. Ila mrushaji anayetegemea fastiboli za juu kwenye zoni (eneo la straiki), kasi ikipungua kidogo tu, mpira uleule uliokuwa unakoswa unakuwa mpira wa kupelekwa jukwaani. Kama homurani zimepanda misimu miwili mfululizo, usiite bahati.

Hapati ushindi kabisa, hilo nalo ni tatizo lake?

Hapana, kwa sehemu kubwa. Ushindi unategemea wapigaji wa timu yake na bulpeni, yaani warushaji wa akiba wanaoingia baada yake. Jacob deGrom 2018 alikuwa na ERA 1.70, akachukua Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, na rekodi yake ilikuwa 10 kwa 9, yaani kashinda 10 kapoteza 9. Zack Greinke 2023 akiwa Kansas City alimaliza 2 kwa 15, ERA 5.06, na bado shabaha yake ilikuwepo, woki 23 tu msimu mzima. Hakuwa mzuri mwaka ule ila hakuwa wa 2 kwa 15.

Kama ligi yenu inahesabu ushindi basi angalia timu yake inafunga rani ngapi kabla hujamnunua. Kama inahesabu kwaliti stati, yaani iningi sita na rani tatu au pungufu, mzee anayetolewa iningi ya tano hatakupa hata akirusha vizuri.

Kama ni mbovu hivyo mbona timu yake bado inampanga?

Hili swali nalipenda kwa sababu hapa ndo watu wanaingia mtego. Timu ina sababu zake ambazo sio zako. Ina mkataba wa mamilioni, ina vijana inaotaka wajifunze kwake, ina mashabiki.

Adam Wainwright 2023, St. Louis. Alianza msimu na ushindi 195 wa maisha, kila mtu anataka afike 200 kabla ya kustaafu. Alipofika 198 mwezi wa sita akakwama karibu miezi mitatu bila ushindi, na bado akawa anapewa mpira. Septemba akapata wa 199, alafu ikafika Septemba 18, iningi saba bila rani dhidi ya Milwaukee, 1-0, ushindi wa 200, na kwa kweli nilifurahi sana usiku ule kama mpenzi wa besiboli. Lakini ERA yake ya msimu ilikuwa 7.40, na kwenye iningi 101 tu alipigwa kama hiti 150. Mimi nilikuwa nimemshikilia mpaka mwezi wa saba kwa hoja hiyohiyo ya "timu inamwamini", WHIP yangu ikafa na haikufufuka tena. Kupangwa sio ushahidi wa kiwango.

Mechi moja mbaya inaniumiza kiasi gani kwani?

Inategemea ligi, na watu hawapigi hii hesabu. Kwenye ligi ya roto, ambapo namba zinajumlishwa msimu mzima, tuseme timu yako ina iningi 1,200 na ERA 3.80. Mzee akirusha iningi tatu akaruhusu rani saba, ERA yako inaenda kama 3.84. Imeuma ila unaishi.

Kwenye ligi ya wiki kwa wiki, wewe na mpinzani mmoja, tuseme una iningi 40 na ERA 3.38. Iningi tatu zilezile na rani saba zilezile, ERA inaruka mpaka 4.60. Wiki imeisha hapo, na WHIP imeenda nayo. Kwahiyo mchezaji yuleyule, siku ileile, kwenye roto nitamvumilia na kwenye wiki kwa wiki nitamuweka benchi Jumapili kama naongoza.

Kwahiyo benchi au drop?

Benchi ndo jibu la watu wengi na hawalitumii. Mtu anaona ni mbili tu, kumchezesha kila mara au kumtupa. Kama mkono upo ila matokeo hayapo, muweke benchi mechi mbili, angalia. Drop ni pale nafasi yake unaihitaji kweli kwa mtu fulani unayemjua jina, sio kwa hasira za saa nane usiku.

Nimchezeshe dhidi ya nani na wapi?

Viwanja kwenye besiboli sio sawa, hii inawashangaza wanaotoka kwenye soka. Oracle Park ya San Francisco ina hewa nzito ya bahari na uwanja mpana upande wa kulia kuelekea katikati, homurani zinafia pale, mzee wa fastiboli za juu anapumua. Coors Field ya Denver iko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa nyepesi, mpira unaruka mbali na hata mipira ya kupinda haipindi vizuri. Nairobi iko juu kidogo kuliko Denver, kwahiyo wa Nairobi hewa ya hivyo mnaijua. Mzee anayetetereka simchezeshi Coors. Sijali yuko kwenye fomu gani.

Angalia pia mpinzani ana wapigaji wangapi wa kushoto kama wako ni wa kulia, na angalia wanavyompiga raundi ya tatu, yaani wapigaji walewale wakirudi mbele yake mara ya tatu. Wapigaji wakishamuona mara mbili usiku huohuo wanamsoma, na kwa wazee hii inaonekana zaidi. Kama raundi mbili za mwanzo yuko safi na ya tatu ndo anavunjika, huyo anafaa kwenye timu ambayo kocha anamtoa mapema.

Kuna wazee waliobadilika kweli au ni stori za kutiana moyo?

Wapo. CC Sabathia alikuwa na ERA 4.78 mwaka 2013, 5.28 mwaka 2014 na 4.73 mwaka 2015, misimu mitatu mfululizo ya kuzikwa. 2016 akaanza kutegemea kata, ile fastiboli inayokata pembeni mwishoni, ERA ikawa 3.91, na 2017 akaenda 14 kwa 5 na ERA 3.69. Verlander mwenyewe 2014 alikuwa na ERA 4.54 pale Detroit watu wakasema kwisha, 2016 akawa na 3.04 na straikauti 254, alafu akachukua Cy Young 2019 na tena 2022 baada ya upasuaji wa kiwiko.

Tafuta kitu kilichobadilika. Mpira mpya, mpangilio mpya wa mipira, jeraha lililopona. Kama hakuna kilichobadilika na unasubiri tu kwa sababu ya jina, unasubiri basi ambalo halipo njiani.

Ameanza kurudi kwenye fomu, nimuuze?

Kama ana miaka 38 kwenda juu na una mtu anayemtaka, sikiliza ofa. Charlie Morton 2025 akiwa na Baltimore alipoteza mechi 7 kabla hajapata ushindi, wakampeleka bulpeni, akarudi akawa mzuri mpaka Detroit wakamnunua mwisho wa mwezi wa saba. Huko akaanza kuchapwa tena na Septemba wakamwachia. Aliyemchukua bure mwezi wa sita na kumuuza Julai alifaidi pande zote mbili. Kwa mzee dirisha huwa linafungwa haraka kuliko kwa kijana wa miaka 26.

Ukitaka kununua fanya kinyume, mtumie mwenye naye ofa asubuhi baada ya kipigo, sio baada ya wiki nzuri. Na usimdharau mzee wa watu kwenye meseji, mwambie tu una nafasi na ungependa kujaribu.

Ameumia, nimtoe?

Kama una nafasi ya IL (ya wachezaji majeruhi), usimtoe, haikugharimu kitu. Msuli wa kifua, mgongo, nyonga, subiri. Kiwiko au bega kwa mtu wa miaka 40, mimi naachia.

Niko Dar, mechi zinaanza usiku wa manane, nampangaje?

Majira ya joto ya kule, saa moja jioni ya New York ni saa nane usiku kwetu, na mechi za California zinaanza karibu saa kumi na moja alfajiri. Angalia kama ligi yenu inafunga kikosi mechi ya kwanza ya siku au kila mchezaji mechi yake ikianza, ziko setingi zote mbili. Kabla ya kulala, saa nne hivi, angalia kama mrushaji wako bado katajwa kuanza, maana wazee wanaahirishwa ghafla kupewa siku ya ziada ya kupumzika. Jumapili ni tofauti, mechi nyingi za pwani ya mashariki zinaanza saa mbili usiku hivi kwa saa zetu, unaweza kumuangalia iningi mbili za kwanza ukiwa macho kabisa, na ile glavu ya mdakaji utaiona vizuri.